Nta Isitupwe: Mashauri juu ya Kutengeneza Mishumaa Nyumbani



Katika nchi zenye misitu ya miyombo, kama Tabora na Katavi, watu wote wajua thamani ya asali, bali wengi hawajui thamani ya nta. Asali ikiisha kukamuliwa, masega hutupwa jalalani, siafu wakayamaliza. Huo ni upotevu mkubwa. Chini ya tumbo la nyuki kibarua mna tezi nane, nne upande huu na nne upande huu, nazo hutoa nta kama magamba membamba. Wajuzi wa nyuki hukadiria kwamba kutoa kilo 1 ya nta, nyuki hula asali kadiri ya kilo 6 hata 8. Basi atupaye masega ametupa kazi iliyogharimu asali nyingi.

Huenda mtu akauliza: Siku hizi taa za nguvu za jua zimefika hata vijijini, mishumaa ni ya nini tena? Swali hilo ni la haki, nasi yatupasa kulijibu kwa kweli. Kwa kusoma na kushona usiku, taa ya jua hushinda mshumaa; mwanga wake ni mwingi, tena haina moto. Mtu anunuaye nta ili apate mwanga wa kusomea ajipotezea fedha. Lakini mwenye mizinga ana nta asiyoinunua. Mshumaa wa nta hutumika kanisani na katika sala za jioni nyumbani. Hufaa siku ambayo taa imekosa nguvu kwa ajili ya mvua. Tena mshumaa mzuri huuzwa kwa bei kupita bonge la nta lililotengenezwa nao. Zaidi ya hayo, kazi hii yamfundisha mtoto kupima na kulinganisha, kuliko kukisia tu.

Mshumaa una mambo matatu ya kuangaliwa: nta, utambi, na harufu. Tutayatazama moja moja, kisha tuseme juu ya hatari ya moto, maana asiyejua hatari hiyo asianze kazi hii.

1. Nta na jinsi ya kuisafisha

Nta ya nyuki huyeyuka katika joto la digrii 62 hata 64 za sentigredi. Kwa hiyo hukaa imara hata pwani wakati wa kaskazi, wala haijipindi mezani. Mafuta ya ng'ombe au ya kondoo huyeyuka upesi zaidi. Mshumaa wake ni laini, hutoa moshi na harufu mbaya, tena panya huupenda. Mafuta ya nazi huyeyuka penye digrii 24 tu, yaani katika nchi zetu za joto hayawezi kusimama kuwa mshumaa; hayo yafaa kwa taa ya bilauri yenye utambi. Nta nyeupe ya dukani, iitwayo parafini, hutokana na mafuta ya ardhini. Nayo huyeyuka kati ya digrii 46 na 68, kwa kadiri ya aina yake. Nta ya nyuki wadogo wasiouma imechanganyika na utomvu wa miti. Haiwaki vizuri, basi isichanganywe na nyingine.

Kusafisha ni hivi. Loweka masega katika maji ya mvua usiku kucha, upate kuondoa asali iliyobaki. Maji ya mvua ni bora kuliko ya kisima chenye chokaa, kwani chokaa huiharibu nta ikawa kama povu la sabuni. Asubuhi yatie masega katika mfuko wa gunia safi, uufunge, uuzamishe katika sufuria ya maji, na juu yake uweke jiwe. Pasha moto pole pole. Maji yasichemke kwa nguvu. Nta itapenya katika mfuko na kuelea juu, na takataka zitabaki ndani. Ubinye mfuko kwa vijiti viwili. Kisha funika sufuria kwa nguo nene, ipoe taratibu hata kesho yake. Utaona bamba la nta limeganda juu ya maji. Ulitoe, ukwangue uchafu ulio chini yake, uyeyushe mara ya pili, na kuchuja kwa kitambaa.

Chombo nacho ni neno. Usitumie sufuria ya shaba wala chuma kitupu chenye kutu, kwa kuwa nta hugeuka rangi ikawa ya kijani au kahawia. Sufuria ya alumini, au ya bati lililopakwa rangi ngumu ya kuchomwa kama vile vikombe vyeupe vya zamani, yafaa. Wala usiizidishie nta moto. Ikipita digrii 85 kwa muda huwa nyeusi na kupoteza harufu yake nzuri.

2. Utambi ndio roho ya mshumaa

Watu wengi hudhani ya kuwa nta ikiwa njema, mshumaa utakuwa mwema. Sivyo. Mshumaa hauwaki kwa nta ngumu, bali kwa mvuke wa nta. Moto huyeyusha nta iliyo juu, utambi huinyonya kama mmea unyonyavyo maji, na juu ya utambi nta hiyo hugeuka mvuke, ndipo huwaka. Utambi ukiwa mwembamba mno, hunyonya kidogo kuliko inayoyeyuka. Nta hujaa, mwali hudidimia, na mshumaa hujizima kwa kuzama. Ukiwa mnene mno, hunyonya nyingi kuliko mwali uwezavyo kuimaliza. Basi hutoa masizi, na dari huwa jeusi.

Hapo kale watu wa Ulaya walitumia tambi za nyuzi zilizosokotwa tu. Ncha yake ilisimama wima katikati ya mwali, ikawa kaa refu, na ilipasa kukatwa kwa makasi mara kwa mara, au mshumaa utoe moshi. Mwaka 1825 Mfaransa aitwaye Cambacérès alitengeneza utambi wa nyuzi zilizosukwa kama nywele. Utambi wa namna hii, uwakapo, hujipinda upande. Ncha yake hutoka penye ukingo wa mwali, mahali penye hewa na joto kali, ikaungua na kwisha yenyewe. Jambo dogo kama kusuka mahali pa kusokota liliondoa taabu ya miaka mingi. Mwaka huo huo Mfaransa mwingine, Michel Eugène Chevreul, mwanachuoni aliyechunguza asili ya mafuta ya wanyama, pamoja na mwenzake Gay-Lussac, walipata hati ya serikali ya kutengeneza mishumaa kwa sehemu ngumu ya mafuta hayo, iliyo imara na isiyonuka. Chevreul aliishi tangu 1786 hata 1889.

Basi na sisi tusuke. Chukua uzi wa pamba tupu. Uzi wa nailoni hauwaki bali huyeyuka. Gawanya nyuzi katika mafungu matatu yaliyo sawa, usuke kwa kukaza kwa kadiri, si sana. Kisha changanya kikombe 1 cha maji ya moto, kijiko 1 cha chumvi na vijiko 2 vya boraksi, ikipatikana dukani. Loweka utambi usiku mmoja, uuanike hata ukauke kabisa. Dawa hii hupunguza makaa katika ncha. Boraksi ni sumu kwa watoto, basi ifichwe.

Nta ya nyuki ni nzito kuliko parafini. Kwa mshumaa wa unene ule ule yataka utambi mnene zaidi. Ndiyo sababu mtu akinunua utambi uliofanywa kwa mshumaa wa dukani na kuutia katika nta ya nyuki, mara nyingi mwali wake huwa mdogo na kufa.

3. Jinsi ya kujaribu

Mtume Paulo aliwahimiza Wathesalonike wasipokee neno lo lote bila kulipima. Hivyo hivyo katika kazi ya mikono. Kanuni ni moja, nayo ni kubwa: badili jambo moja tu kwa mara moja. Ukibadili nta na utambi na harufu siku moja, na mshumaa ukawa mbaya, hutajua ni kipi kilichoharibu. Na ukiwa mzuri, hutajua ni kipi kilichofaa.

Fanya mishumaa minne ya nta ile ile na unene ule ule, kadiri ya inchi 1. Wa kwanza uwe na utambi wa nyuzi 6, wa pili nyuzi 9, wa tatu nyuzi 12, wa nne nyuzi 18. Uandike namba chini ya kila mmoja. Pima uzito wake kwa mizani, uwashe yote mahali pasipo upepo kwa muda wa saa 2, kisha uzime na upime tena. Andika katika daftari: umepungua gramu ngapi? Umetoa moshi? Nta imemiminika kando? Kidimbwi cha nta kilifika ukingoni, au utambi ulichimba shimo katikati tu? Utambi ulio sawa ni ule ambao kidimbwi chake hukaribia ukingo bila kumwagika, na mwali wake umesimama bila kuchezacheza wala kutoa moshi. Ukiisha kuupata, usiutafute tena kwa unene huo, umeandikwa.

Njia iliyo rahisi kutengeneza ni kuchovya. Weka nta katika kopo refu, na kopo ndani ya sufuria ya maji ya moto, hata nta iwe ya digrii 70 hivi. Zamisha utambi mara ya kwanza mpaka vipovu viishe, yaani hewa imetoka na nta imeingia. Uutoe, uunyoshe kwa vidole, uache ugande. Baada ya hapo chovya upesi na kutoa, upumzike dakika chache, uchovye tena. Mara 20 hata 30 zaweza kutosha. Ukikawia ndani ya nta, iliyokwisha kuganda huyeyuka tena na kazi hurudi nyuma. Kwa hiyo wenye subira hutundika tambi kumi katika ufito mmoja. Wa mwisho ukiisha kuchovywa, wa kwanza umepoa.

Wapendao kumimina watumie mwanzi uliopasuliwa katikati, ukaunganishwa tena na kufungwa kamba. Paka ndani maji ya sabuni, nta isishike. Pitisha utambi katikati na kuukaza juu na chini. Nta ikipoa hujikunja na kuacha shimo juu; basi weka akiba ya kulijaza. Usiitie katika maji baridi ili ipoe upesi, maana itapasuka.

4. Harufu

Nta safi ya nyuki ina harufu yake yenyewe, nayo wengi huona yatosha. Lakini akina mama wengi hupenda kuongeza, na si vibaya, mradi wajue kipi kikubalianacho na nta.

Neno la kwanza: maji hayachanganyiki na nta. Marashi ya waridi ni maji. Ukiyatia katika mshumaa, yatatulia chini, na utambi ukiyafikia utarusha cheche na kuzimika. Manukato ya chupa yenye spiriti ni mabaya zaidi, kwani mvuke wa spiriti hushika moto upesi, huenda hata kabla mshumaa haujamiminwa.

Neno la pili: unga haufai. Mdalasini uliotwangwa, udi au ubani uliopondwa, yote huzama chini au kuingia katika utambi na kuuziba. Ubani, ambao ni utomvu wa miti ya Usomali, Uhabeshi na Arabuni ya kusini, mahali pake ni chetezoni juu ya makaa, si ndani ya nta.

Kinachofaa ni mafuta halisi yaliyotolewa kwa mvuke, kama ya mchaichai, au ya karafuu yanayotengenezwa Pemba. Anza na gramu 1 ya mafuta kwa gramu 100 za nta. Haitoshi, jaribu gramu 2, kisha 3. Yatie nta ikiwa imeondolewa motoni, karibu na kumimina, ukoroge kwa muda wa dakika 2. Ukiyatia mapema, harufu yote hupotea jikoni. Mafuta ya karafuu ni makali, huunguza ngozi. Yasishikwe na watoto. Asiyepata mafuta haya aweza kuziacha karafuu nzima katika nta iliyoyeyushwa juu ya maji ya moto kwa saa 1, kisha achuje vizuri. Atapata harufu hafifu.

Ukiongeza harufu, pima utambi upya. Mafuta hubadili jinsi nta inavyonyonywa, na utambi uliofaa jana huenda usifae leo.

Hapa yatupasa kuonya. Wako wauzao mishumaa ya mchaichai wakisema kwamba itawakinga watu na malaria. Harufu yaweza kuwapunguza mbu kidogo karibu na mshumaa, lakini haitoshi kumlinda mtoto usiku. Mlinzi wa mtoto ni chandarua chenye dawa, na akipata homa apelekwe kupimwa upesi. Mama anayetegemea mshumaa na kukiacha chandarua amenunua hatari kwa fedha yake. Tena nyumba yenye mtoto mchanga au mgonjwa wa pumu isijazwe harufu wala moshi wa namna yo yote.

5. Moto ni mtumishi mwema na bwana mbaya

Nta iyeyushwe ndani ya chombo kilichowekwa katika maji ya moto, isiwekwe juu ya moto wenyewe. Maji hayapiti digrii 100, hivyo nta haiwezi kufikia joto la kuwaka. Lakini maji yakikauka, ulinzi umekwisha. Kwa hiyo mtu mzima asiondoke hata kidogo. Usifanye kazi hii chini ya paa la nyasi.

Nta ikishika moto, usimwagie maji kamwe. Maji hugeuka mvuke kwa ghafula na kurusha nta iwakayo pande zote. Funika chombo kwa kifuniko, au tupa mchanga mkavu, na kuondoa moto ulio chini. Mfuniko na ndoo ya mchanga viwe tayari kabla ya kuwasha jiko. Mtu akiungua, mahali hapo pamwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Pasipakwe samli, wala asali, wala dawa ya meno. Jeraha likiwa kubwa, au la uso, au la mtoto, apelekwe hospitali.

Na mshumaa uwakao usiwe karibu na pazia wala chandarua. Usiachwe ukiwaka watu wakiwa wamelala. Uwekwe juu ya kisahani cha bati au udongo, na utambi ukatwe kadiri ya robo inchi kabla ya kuwashwa.

6. Neno kwa waalimu

Mwaka 1860 kuingia 1861, huko London, mwanachuoni Michael Faraday aliwapa vijana masomo sita juu ya mshumaa mmoja tu. Mtoto wa fundi chuma, tena Mkristo mnyenyekevu, aliona mshumaa watosha kufungua mlango wa elimu ya viumbe. Mwalimu wa leo aweza kufanya mambo kama yale bila gharama. Zima mshumaa kwa pumzi kidogo, na upesi ulete kijiti chenye moto katika moshi ule mweupe, kadiri ya inchi 1 juu ya utambi: mwali utaruka na kushuka kuwasha utambi. Hapo watoto wataona kwa macho ya kwamba kinachowaka ni mvuke. Funika mshumaa kwa bilauri kavu iliyo baridi: ukungu wa maji utaonekana ndani ya kioo, kisha mwali utakufa kwa kukosa hewa safi. Waulize watoto: Maji hayo yametoka wapi? Mbona mwali umekufa, na nta ingali ipo? Wasijibiwe upesi, waachwe wafikiri.

7. Uaminifu katika biashara

Mwisho, neno la dhamiri. Nta ni ghali, mafuta ya ng'ombe ni rahisi, na parafini pia. Kuchanganya si dhambi. Mchanganyiko wa nta na parafini ni mshumaa mzuri tu. Dhambi ni kuuza mchanganyiko kwa jina la nta safi. Nta safi ikivunjwa baridi huonyesha chembechembe, nayo haiachi mafuta vidoleni. Lakini mchanganyiko mdogo jicho haliwezi kuugundua, na hapo ndipo moyo wa mtu hupimwa. Mnunuzi hana mizani ila neno lako. Kanisa likinunua mishumaa kwa ajili ya ibada ya Pasaka, wanunuao waamini kwamba ni nyuki waliofanya kazi hiyo, si machinjio.

Basi, enyi wenye mizinga, mavuno yajayo msitupe masega. Enyi akina mama, wekeni daftari la majaribio karibu na kinu. Enyi waalimu, onyesheni watoto jinsi ya kubadili jambo moja na kuandika kilichotokea. Na kila auzaye mshumaa aandike juu yake kwa kweli kilichomo. Mwanga uliotengenezwa kwa udanganyifu huangaza meza, bali humwacha aliyeuuza gizani.